Gari la Chama Libadilishiwe Oili Wapi?



Msimu wa ununuzi wa pamba unapokaribia, kila chama chenye gari huanza kuliandaa. Matairi hutazamwa, breki hujaribiwa, maturubai yaliyotoboka hushonwa. Jambo moja, hata hivyo, huachwa mikononi mwa dereva peke yake, nalo ni mahali pa kubadilishia oili ya injini. Katibu huandika hati ya malipo, dereva hupewa fedha taslimu, gari huondoka asubuhi na kurudi jioni, na karatasi moja huwekwa katika jalada. Yaliyofanyika baina ya asubuhi na jioni hakuna ayajuaye.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kamati ya chama inavyoweza kuamua jambo hilo kwa busara. Hatutataja karakana wala duka la mtu yeyote, kwa sababu karakana iliyo njema leo yaweza kuharibika kesho fundi wake akihama. Tutakachoeleza ni kipimo cha kuipimia karakana yoyote. Kwa ufupi kipimo hicho ni hiki: oili ibadilishwe mahali ambapo mtu wa chama ataona kwa macho yake kinachotoka na kinachoingia, na ambapo kazi yote itaandikwa. Bei na umbali ni mambo ya maana, lakini yafuate nyuma ya hilo.

KAZI YA OILI NDANI YA INJINI

Wanachama wengi wanajua kwamba oili hulainisha vyuma visisagane. Hiyo ni kazi ya kwanza, lakini si ya pekee. Oili huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Huziba nafasi ndogo iliyopo kati ya pete za pistoni na ukuta wa silinda, ili nguvu ya mlipuko isivuje. Hubeba masizi, vumbi na chembe za chuma hadi kwenye chujio. Tena huzuia kutu gari linapolala muda mrefu.

Oili huchakaa kwa sababu ya kazi hizo hizo. Viungo vilivyochanganywa ndani yake kiwandani huisha nguvu, uchafu huongezeka, na mnato wake, ambao mafundi huuita uzito wa oili, hubadilika. Kwa hiyo watengenezaji wa magari huweka kikomo cha kilomita au cha miezi, chochote kitakachotangulia. Kitabu cha gari ndicho kinachotaja kikomo hicho. Kwa magari mengi yanayofanya kazi katika vumbi, mizigo mizito na safari za kusimama-simama, kikomo cha kilomita 5,000 ni cha kawaida. Barabara zetu za vijijini wakati wa kiangazi ni za namna hiyo hasa.

Ni vizuri pia kuondoa dhana moja. Wako wanaodhani kwamba oili ikiwa nyeusi imekwisha. Katika injini ya dizeli oili huwa nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa, kwa sababu inabeba masizi kama ipasavyo. Weusi peke yake si ushahidi. Fundi anayechomoa kijiti cha kupimia, akakitazama na kusema, "Hii imekufa, tubadilishe," bila kuuliza gari limekwenda kilomita ngapi, amesema neno lisilo na msingi. Dalili za kutisha kweli ni nyingine. Oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia. Oili inayonuka dizeli na kupanda kwenye kijiti huonyesha kwamba mafuta ya kuendeshea yanavujia ndani. Chembe zinazong'aa kidoleni huonyesha kwamba chuma kinasagika.

YALIYOTUPATA MWAKA 2008

Mwaka 2008 nilikuwa katibu wa chama cha msingi kilichokuwa na lori moja la tani 7. Siku chache kabla ya msimu kufunguliwa tulimpa dereva fedha za oili na chujio akaenda mjini. Alirudi na risiti ya kuandikwa kwa mkono iliyosema "oili na chujio", bila jina la oili, bila kiasi, bila kilomita za gari. Nilitia sahihi na kuiweka katika jalada, nikaridhika.

Katika wiki ya nne ya ununuzi taa ya oili iliwaka lori likiwa na marobota kamili. Kabla halijafika kituoni injini iligonga, kisha ikakwama. Ilipofunguliwa tulikuta oili nzito kama lami, beringi za krenkshafti zimeungua, na chujio lililopakwa rangi juu ya kutu. Lilikuwa chujio la zamani lililofutwa na kuuzwa kama jipya. Lori lilisimama muda wote uliobaki wa msimu. Pamba ya wanachama ilirundikana ghalani, tukakodi magari ya watu kwa bei waliyotaka wao, na malipo ya pili yalipungua kwa kila mkulima, hata yule aliyeleta kilo 50 tu.

Mkutano Mkuu ulitaka kujua nani alifanya nini. Mwenye duka alikana. Fundi alisema alifunga alicholetewa. Dereva aliapa kwamba alinunua alichoonyeshwa. Hatukuwa na andiko lolote la kuamua kati yao, na dereva, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, alifukuzwa kazi. Alikuwa amelitumikia gari lile miaka tisa. Mimi niliyetia sahihi risiti ile nilibaki na kazi yangu. Kama aliiba, hatukuwa na ushahidi. Kama hakuiba, tulimnyima njia ya kujitetea. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba utaratibu tutakaoueleza hapa chini haumkusudii dereva mwizi tu. Unamlinda vilevile dereva mwaminifu.

MAHALI PANAPOWEZEKANA

Zamani baadhi ya vyama vikuu vilikuwa na karakana zao, na swali hili halikuwa gumu. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, mali nyingi zilihamia katika mamlaka za mazao, na vilipofufuliwa kwa sheria ya mwaka 1982 si karakana zote zilizorudi zikiwa hai. Leo chama cha msingi kina njia nne hivi.

(a) Karakana ya wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Hapa pana vifaa kamili, machujio halisi na kumbukumbu zilizopangwa. Bei ni kubwa na mara nyingi ni mbali. Kwa gari jipya lililo chini ya dhamana, chama kisome masharti ya dhamana hiyo kwanza, maana kukosa kumbukumbu za matengenezo kwaweza kukinyima chama haki yake.

(b) Kituo cha mafuta. Vituo vingi vina shimo au jukwaa la kupandishia gari, na huuza oili katika madumu yaliyofungwa. Kazi huwa ya haraka. Upungufu wake ni kwamba machujio ya malori huenda yasiwepo, na kijana anayefanya kazi huenda si fundi bali ni mwuza mafuta.

(c) Gereji ya fundi binafsi. Mafundi wengi wazuri wa nchi yetu wako chini ya mwembe, nao hulijua gari la chama kuliko mtu yeyote. Bei yao ni nafuu. Lakini ni lazima chama kijinunulie oili na chujio chenyewe, kumpelekea fundi, na kumlipa kazi ya mikono tu. Ikiwa ana cheti cha VETA, ni vizuri zaidi. Kama hana, kazi yake na usafi wa mahali pake vimshuhudie.

(d) Uwanja wa chama chenyewe. Kubadilisha oili si kazi ngumu. Dereva aliyefundishwa, spana inayolingana na bolti, mkanda wa kufungulia chujio, beseni pana na uwanja ulio sawa vinatosha kwa magari mengi. Oili na chujio hukaa katika stoo ya chama, na hutolewa kwa hati kama mbolea na viuatilifu vinavyotolewa. Chama kinachochagua njia hii hakina budi kuwa na mahali pa kuhifadhi oili chafu, kama tutakavyoeleza.

Hakuna njia moja inayofaa vyama vyote. Chama kilicho kilomita 5 kutoka mjini kitaona (b) au (c) inakifaa. Chama kilicho mbali kitapata faida katika (d).

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUCHAGUA

Kamati imtume katibu na mjumbe mmoja wakatembelee mahali wanapopafikiria. Wasiende na gari siku hiyo. Waende kutazama na kuuliza.

1. Je, oili inatoka katika dumu lililofungwa au katika pipa lililo wazi? Oili ya kupimwa kwa kopo kutoka pipani haina asili inayojulikana. Dumu liwe na kizibo ambacho hakijavunjwa, nembo ya ubora ya TBS na namba ya toleo inayosomeka. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine iwe sababu ya mashaka.

2. Je, wanajua gari letu linahitaji oili gani? Jibu limo katika kitabu cha gari, nalo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni mnato, kwa mfano SAE 15W-40: namba iliyotangulia herufi W huonyesha oili itakavyokuwa injini ikiwa baridi, na ya mwisho huonyesha itakavyokuwa injini ikiwa moto. Ya pili ni daraja la API. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi C ni ya injini za dizeli, kama vile CI-4 iliyoanza mwaka 2002 na CK-4 iliyoanza mwaka 2016. Fundi anayesema "oili ni oili" asipewe gari la chama.

3. Je, mtu wetu ataruhusiwa kusimama na kutazama kazi tangu mwanzo hadi mwisho? Mahali panapokataza jambo hili pasichaguliwe, isipokuwa pawe na sababu ya usalama inayoeleweka na nafasi nyingine ya kuona.

4. Je, chujio la zamani tutakabidhiwa? Litobolewe mbele yetu, na madumu tupu yatobolewe vilevile. Madumu mazima yenye nembo nzuri na machujio yanayofutika ndiyo mtaji wa wauza bidhaa bandia. Chama kinachoyaacha nyuma kinamsaidia mwizi kumwibia jirani.

5. Je, wanatoa risiti ya EFD, nayo inaeleza kilichouzwa? Risiti iandike aina ya oili, idadi ya lita na aina ya chujio. Wakaguzi wa COASCO watakapofika, neno "matengenezo" peke yake halitawaeleza kitu.

Chama kitakachouziwa oili kinachoishuku kuwa bandia kisinyamaze. Kihifadhi dumu, oili iliyobaki na risiti, kisha kitoe taarifa TBS au Tume ya Ushindani, ambayo ina wajibu wa kupambana na bidhaa bandia.

HESABU YA SAFARI

Makatibu wengine hufuata oili ya bei nafuu mahali pa mbali. Tuchukue mfano. Chama kiko kilomita 70 kutoka mjini, na lori lake huenda kilomita 4 kwa lita moja ya dizeli. Kwenda na kurudi ni kilomita 140, yaani lita 35 za dizeli, ili kubadilisha oili ambayo pengine ni lita 10 tu. Thamani ya dizeli hiyo inaweza kukaribia thamani ya oili yenyewe. Ongeza posho ya dereva na utingo, na siku moja ya kazi iliyopotea. Kilichookolewa dukani kimemwagwa barabarani.

Dawa yake ni kupanga. Safari ya kubadilisha oili iunganishwe na safari ya kufuata pembejeo au kupeleka mazao. Vilevile kilomita zihesabiwe mapema. Lori linalokwenda kilomita 120 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hukamilisha kilomita 720 kwa wiki, na hufikia kilomita 5,000 katika muda wa wiki 7. Kwa hiyo chama kinachoanza msimu na oili mpya kijue kwamba huenda oili hiyo ikafikia kikomo msimu ukiwa bado haujafungwa. Seti ya pili ya oili na chujio inunuliwe mapema na kuwekwa stoo, ili chama kisilazimike kununua kwa haraka cha kwanza kitakachopatikana.

KAZI INAVYOFANYIKA

Anayesimamia kazi ni lazima ajue anachokiangalia. Gari lisimame mahali palipo sawa, injini ikiwa na joto kiasi ili oili itiririke, lakini isiwe ya moto wa kuunguza. Bolti ya chini ifunguliwe na oili iachwe itoke hadi ibaki kudondoka. Pete ya bolti itazamwe, ibadilishwe ikiwa imechakaa. Bolti ikazwe kwa kiasi. Anayeikaza kwa nguvu zote huyala meno yake, na safari inayofuata oili huvuja njiani. Chujio jipya lipakwe oili kidogo kwenye mpira wake, na ihakikishwe kwamba mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini.

Oili imiminwe kwa kiasi kilichoandikwa kitabuni, si kwa kukisia. Injini iwashwe na taa ya oili itazamwe mpaka izimike, ndipo chini pakaguliwe kama panavuja. Injini izimwe, isubiriwe dakika chache, na kijiti kichomolewe tena. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu, wala isiipite. Oili iliyozidi nayo hudhuru, kwa maana hupigwa na krenkshafti ikatoa povu.

DAFTARI LA GARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gari la chama liwe na daftari lake, na kila oili inapobadilishwa yaandikwe mambo haya: tarehe, kilomita za gari, mahali na jina la fundi, jina na daraja la oili, idadi ya lita, namba ya toleo iliyo kwenye dumu, aina ya chujio, namba ya risiti, na kilomita ambazo zitakuwa kikomo kinachofuata. Fundi, dereva na mjumbe aliyeshuhudia watie sahihi. Kila asubuhi dereva apime oili kabla ya kuwasha gari, na kila anapoongeza aandike ameongeza kiasi gani. Gari linalohitaji kuongezwa oili zaidi na zaidi linasema neno, na daftari ndilo linaloliweka neno hilo wazi mbele ya Kamati.

OILI CHAFU ISIMWAGWE

Swali la mwisho la kuuliza mahali popote ni hili: oili ya zamani inakwenda wapi? Idara ya kuhifadhi mazingira ya Marekani imeeleza kwamba oili chafu inayotoka katika gari mara moja yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, yaani karibu lita 3,800,000. Sisi tunaokunywa maji ya visima na mabwawa tulizingatie sana jambo hilo. Oili iliyotumika ina masizi na chembe za metali, na kuigusa mara kwa mara hudhuru ngozi. Desturi ya kuwagawia wanachama wapake nguzo dhidi ya mchwa inafaa kuachwa. Iwekwe katika pipa lenye kifuniko, mbali na ghala la mazao na kisima, kisha akabidhiwe mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Asiwe mtu yeyote apitaye na dumu mkononi, maana oili ile ile yaweza kuchujwa kwa kitambaa na kuturudia dukani.

MAAZIMIO TUNAYOPENDEKEZA

Tunapendekeza kila Kamati, katika kikao chake cha kwanza kijacho, iandike katika muhtasari maazimio manne. Kwanza, itaje mahali ilipopachagua, na pa akiba iwapo pa kwanza pamefungwa. Pili, itaje aina ya oili na chujio kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Tatu, imteue mjumbe wa kushuhudia kazi pamoja na dereva. Nne, iagize daftari lifunguliwe na lisomwe katika kila kikao cha Kamati. Kila mwaka uchaguzi huo wa mahali utazamwe upya.

Gari la chama limenunuliwa kwa makato ya kilo moja moja za wakulima ambao wengi wao hawatalipanda hata siku moja. Mwanachama anayeuliza katika Mkutano Mkuu, "Oili ya gari letu ilibadilishwa wapi, na nani aliiona?" asihesabiwe kuwa mchokozi. Anauliza habari za mali yake, na katibu aliyefuata utaratibu huu atafungua daftari na kumjibu papo hapo.